Kikuza Sauti cha Marehemu na Majina ya Viungo Vyake

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chombo kimoja cha umeme pamoja na historia ya majina ya viungo vyake. Chombo chenyewe ni kikuza sauti cha redio, cha vali tano, kilichoundwa kwa mkono mjini Tanga katika miaka ya 1960. Aliyekiunda alikuwa fundi redio, na ingawa alinizidi umri kwa zaidi ya miaka 30 nilimhesabu kuwa rafiki, naye alinihesabu hivyo. Alipofariki dunia, mjane wake aliniita akanikabidhi kikuza sauti hicho pamoja na daftari moja la shule. Akasema, "Chukua, mwanangu. Humu ndani hakuna awezaye kukisemesha tena."

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na mirathi ya mtu binafsi. Sababu ni lile daftari. Ndani yake marehemu alichora viungo vyote vya chombo chake, na kando ya kila kiungo akaandika jina lake kwa Kiswahili kitupu, kama alivyokuwa akiwafundisha wanagenzi wake. Majina hayo hayamo katika orodha yoyote ya istilahi iliyopata kupita mezani pangu, na watu wayatumiao sasa, kwa hesabu yangu, hawazidi wanne.

Kwanza tukitazame chombo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na kwa muda mrefu baadaye redio zilikuwa chache na watu wa kuzisikiliza walikuwa wengi. Redio moja ndogo haikutosha kusikika barazani penye watu 20, seuze harusini. Ndipo mafundi wakaanza kuombwa vyombo vya kuikuza sauti ya redio au ya santuri. Mchoro aliouchagua marehemu haukuwa wake. Ulitolewa na kampuni ya Mullard ya Uingereza mwaka 1954, kisha ukaingizwa katika kitabu cha kampuni hiyo cha mwaka 1959 kilichokusanya michoro ya vikuza sauti. Mchoro huo unaitwa 5-10, na jina hilo peke yake ni somo kwa mtu wa kazi yetu: 5 ni idadi ya vali, na 10 ni wati za sauti zinazotoka. Kampuni hiyo ilikuwa pia na mchoro wa 3-3 na wa 5-20. Aliyejua kusoma jina moja aliyajua yote.

Hali kadhalika vali zenyewe. Katika kikuza sauti hiki mna EF86 moja, ECC83 moja, EL84 mbili na EZ81 moja. Kwa macho ya mpita njia hizo ni herufi za kubahatisha. Kumbe ni utaratibu uliokubaliwa mwaka 1934 kati ya kampuni za Philips na Telefunken, na ndani yake kila herufi ina kazi. Herufi ya kwanza hueleza umeme wa kupashia vali moto: E ni volti 6.3. Herufi zinazofuata hueleza aina: C ni vali ya viungo vitatu, yaani triodi, na ECC ni triodi mbili katika chupa moja, F ni pentodi, yenye viungo vitano, L ni pentodi ya kutolea nguvu, Z ni vali ya kunyoosha mkondo geu uwe mnyoofu. Tarakimu 8 huonyesha aina ya kitako, nacho ni kile chenye miguu tisa. Tarakimu ya mwisho tu ndiyo isiyo na maana ila ya kutofautisha. Vali hiyo hiyo ya EL84 Wamarekani waliiita 6BQ5, na Warusi 6P14P. Katika jina la Kimarekani 6 ni volti za kupashia moto na 5 ni hesabu ya viungo, lakini BQ hazisemi lolote. Ni zamu tu katika foleni. Mimi huona utaratibu wa Ulaya ni bora kuliko istilahi nyingi tunazozipitisha vikaoni, maana unamwambia fundi jambo la kutenda.

Jina la vali kwa jumla lina historia yake. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, profesa wa London aliyekuwa pia mshauri wa kampuni ya Marconi, alisajili hakimiliki ya chupa ya kioo isiyo na hewa, yenye uzi wa moto na bamba la madini. Umeme ulipita kutoka upande mmoja tu, haukurudi. Fleming akaifananisha na kilango cha bomba la maji kinachofunguka upande mmoja, akaiita vali. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kiungo cha tatu katikati, waya uliopindwapindwa, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipowezekana. Ingawa de Forest mwenyewe hakuelewa sawasawa kilichokuwa kikitendeka ndani ya chupa yake. Kazi ya kuisafisha ilifanywa na wataalamu wa simu, na tarehe 25 Januari 1915 simu ya kutoka New York hadi San Francisco ilifunguliwa rasmi kwa msaada wa vali hizo. Watu wa simu waliviita vyombo vyao virudiaji, kwa kuwa huko nyuma, katika zama za simu ya maandishi, kulikuwa na karani wa kuupokea ujumbe dhaifu na kuurudia kwa nguvu mpya.

Waingereza basi waliipa jina kwa kutazama tendo. Wamarekani walitazama umbo wakaiita tyubu, na Wajerumani vivyo hivyo wakaiita mwanzi. Wafaransa na Warusi walitazama mwanga wake wakaiita taa. Marehemu naye aliiita taa. Hakujua Kifaransa wala Kirusi; aliizima taa ya chumba, akawasha chombo, akaona wekundu ule, akaipa jina. Sisi tumezoea kudhani kwamba neno la fundi asiyesoma sana ni neno la muda, la kusubiri lile la wataalamu. Hapa fundi wa Tanga na wahandisi wa Paris walifika mahali pamoja kwa njia moja.

Tuje sasa kwenye neno linalotatiza zaidi, nalo ni *kipaza sauti*. Mkutanoni mwenyekiti akisema, "Leteni kipaza sauti," huletewa kile cha kushika mkononi. Akisema, "Kipaza sauti kinakoroma," watu hutazama kisanduku kilichoning'inizwa juu ya mti. Fundi akisema kipaza sauti kimeungua, aghalabu ana maana ya chombo cha tatu kilicho chini ya meza. Neno moja limebeba vyombo vitatu, na vyote vitatu vimeunganishwa kwa waya mmoja, hivyo hata muktadha hausaidii. Wasemaji wamejitafutia njia kwa kukopa: maikrofoni, spika na amplifaya. Sina ugomvi na mikopo hiyo. Lakini mwanafunzi wa ufundi akipewa maneno matatu yasiyofanana na lolote alijualo, huyakariri kama namba za nyumba.

Marehemu aliyatenga kwa viungo vya mwili. Mahali pa kuingizia sauti palikuwa *sikio*, chombo chenyewe kilikuwa *kifua*, na spika ilikuwa *kinywa*. Maneno mawili kati ya hayo ameyaandika kwa rangi nyeupe nyuma ya chombo, penye matundu ya plagi. Chini ya neno *kinywa* ameongeza: "Usiwashe kikiwa hakina kinywa." Hilo si pambo. Kikuza sauti cha vali kikiwashwa na kupewa sauti bila ya spika, transfoma ya kutolea sauti hukosa mzigo, volti hupanda ndani yake kupita kiasi, na yaweza kuungua. Mwanagenzi aliyeambiwa kwamba kifua kinapumua na kinywa kimezibwa hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Je, tuyachukue maneno hayo matatu? Nadhani *kifua* hakitafika mbali. Ndani ya redio yoyote mna ukuzaji kabla sauti haijazaliwa, yaani ukuzaji wa mawimbi yaliyonaswa angani, na huko hakuna kifua wala mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono wale watakao *kipaza* kiwe jina la amplifaya. Kitenzi *paza* kimeshikamana na sauti, hatupazi mawimbi. *Kuza* ni kitenzi chenye nafasi: kikuza sauti, kikuza mawimbi, ukuzaji, kiwango cha ukuzaji, vyote vinaota katika shina moja. *Kipaza sauti* nacho kibaki pale umma ulipokwisha kukiweka, mkononi mwa msemaji.

Hata hivyo *kuza* nalo halisemi kweli yote. Ile sauti ndogo inayoingia haikui. Inaamuru. Nguvu inayotoka spikani ni ya umeme wa ukutani, na sauti ndogo huufungulia na kuufungia tu kwa kipimo. Marehemu alilieleza hilo kwa chombo alichokizoea tangu utoto: sauti ndogo ni usukani, umeme ni upepo, usukani hausukumi jahazi. Sijasoma katika kitabu chochote cha shule maelezo mafupi kuliko hayo.

Mtu asidhani kuwa istilahi za Ulaya zilitoka mbinguni zikiwa zimekamilika. Mwaka 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi ambaye hakusoma chuo chochote, alihitaji majina ya ncha mbili ambapo umeme huingia na kutoka katika majimaji. Alijaribu majina kadhaa, mengine yakitokana na mashariki na magharibi, kwa kuwa aliwaza mkondo wa umeme unaoizunguka dunia kwa kufuata njia ya jua. Hakuridhika, akamwandikia William Whewell wa Cambridge, bingwa wa lugha za kale. Whewell akampendekezea anodi na kathodi, maneno ya Kiyunani yenye maana ya njia ya kupanda na njia ya kushuka, kama jua lipandavyo na kushuka. Mwaka 1897 J. J. Thomson akatambua elektroni, na ikaja kudhihirika kuwa ndani ya vali elektroni hutoka kathodi kwenda anodi, yaani kinyume cha picha ile. Hakuna aliyebadili majina. Na mwaka 1948, wataalamu wa maabara za Bell walipohitaji jina la kile kifaa kidogo kilichokuja kuzifukuza vali sokoni, walipelekeana karatasi ya kura yenye majina kadhaa, na jina lililobuniwa na mwenzao John R. Pierce, transista, likashinda. Mtu wa baraza la lugha akisoma habari hiyo hujiona yuko nyumbani.

Katika daftari la marehemu kathodi ni *jiko*, anodi ni *sahani*, na kile kiungo cha de Forest kilicho kati yake ni *wavu*. Jiko likipata moto hutoa mvuke wa umeme, mvuke hupita katika wavu, hufika sahanini. Wavu ukikazwa mvuke hupungua, ukilegezwa huzidi. Neno *sahani* linalingana na la mafundi wa Marekani, ambao nao huiita anodi kwa neno lenye maana ya bamba au sahani, na huenda alilipata katika mchoro wao mmojawapo. *Jiko* silipendekezi liingie vitabuni, maana kathodi imekwisha kutulia katika masomo ya fizikia, tena ziko kathodi zisizopashwa moto kabisa. *Wavu* nalipendekeza kwa nguvu zote. Neno *gridi* limechukuliwa na gridi ya taifa, ule mtandao wa nguzo na nyaya nchini, na mwanafunzi asomaye "volti za gridi" katika somo la vali anaweza kuelewa jambo la hatari kubwa. Kiungo chenyewe, ukikitazama kwa lenzi katika vali iliyovunjika, ni waya mwembamba uliozungushwa juu ya vijiti viwili. Mvuvi yeyote angekiita wavu.

Hatari niliyoitaja inanirudisha kwenye chombo. Kilikuwa hakijawashwa kwa miaka mingi, na chombo cha namna hiyo hakichomekwi ukutani hivi hivi. Nilimpata mwanagenzi wake mmoja, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, anayetengeneza redio na simu za mkononi huko Muheza. Alibadili kapasita zote kubwa, kisha akaunganisha balbu ya wati 100 kwa mfululizo katika njia ya umeme. Iwapo ndani mna mguso mbaya, balbu huwaka kwa nguvu na kubeba msiba wenyewe. Iwapo hamna, huwaka kidogo na kufifia. Ilififia. Vali zilichukua kama nusu dakika kupata moto, kwa kuwa vipasha moto vya vali zote tano hutumia jumla ya wati 19 hivi kabla ya sauti yoyote kutoka. Redio ndogo ya transista ilichomekwa sikioni, na taarifa ya habari ikajaza ua. EL84 moja ilikuwa imechoka, nikaagiza nyingine. Zinatengenezwa hadi leo nchini Slovakia na Urusi. Tangu siku hiyo hukitumia jioni nyingi, na jirani zangu hawajalalamika.

Alipokuwa akikifungua, yule mwanagenzi alikilaza ubavu, akashika bisibisi, akasita. Kwa ndani, penye mkono wa mtu atakayefungua, marehemu ameandika: "NGOJA. UMEME UMELALA, HAUJAFA." Ndani ya chombo hiki kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zake kubwa huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Vali zikiwa moto huzimaliza upesi. Lakini vali zikiwa zimetolewa, au zikiwa baridi, umeme hauna njia ya kutokea, nao huweza kukaa muda mrefu ukimsubiri mtu. Mwanagenzi alichukua rezista yenye nyaya mbili, akagusisha, akapima, akapima tena, ndipo akatia mkono. Nilimwuliza kitendo hicho wanakiitaje. Akajibu, "Kuuamsha." Umeme uliolala huamshwa kwa rezista, usije ukaamshwa kwa kidole.

Nimetafuta istilahi ya dhana hii katika orodha za mafunzo ya ufundi nilizo nazo. Moja inasema "chaji mabaki". Kwa sarufi halina kosa kubwa, lakini mabaki kwa Mswahili ni kitu kidogo kilichosalia, makombo ya sahanini, kitu kisichotisha. Kijana aliyesoma "mabaki" atatia mkono. Aliyesoma "umeme uliolala" atangoja, kwa sababu tangu utotoni anajua namna ya kupita karibu na mbwa aliyelala. Baraza letu, tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, limekuwa likipima istilahi kwa vigezo vya ufupi, usanifu wa maumbo na ukubalifu. Naomba katika istilahi za umeme, dawa na mitambo kiongezwe kigezo kingine: neno linamfanya mtu afanye nini mkono wake ukiwa sentimita tano kutoka kwenye kitu chenyewe. Kwa kigezo hicho nimewasilisha *umeme uliolala* na *kuamsha umeme*, pamoja na *wavu*, katika rasimu itakayojadiliwa na kamati.

Limebaki neno moja ambalo sijaliwekea uamuzi. Zile EL84 mbili hufanya kazi kwa zamu: moja inapovuta nyingine hulegea, kisha hubadilishana, mara mamia kwa maelfu katika sekunde moja kwa kadiri ya sauti. Waingereza huita mtindo huo kwa vitenzi viwili vya kusukuma na kuvuta. Marehemu aliuita *msumeno*, akiwa na maana ya ule mrefu wa kupasulia magogo, unaoshikwa na watu wawili, kila mmoja upande wake. Picha ni sahihi kuliko ya Waingereza, kwa kuwa katika msumeno huo hakuna asukumaye. Kila mtu huvuta kwa zamu yake, na vali nazo ndivyo zitendavyo. Ila vijana wengi wa mjini hawajapata kuuona msumeno wa watu wawili, na mwenzangu mmoja ofisini ameniambia kuwa kwake msumeno ni wa umeme, una mshikaji mmoja, na hupiga kelele. Aidha yule mwanagenzi wa Muheza ananieleza kuwa wenziwe wa Korogwe huuita *kupokezana*, nalo ni neno jema lisilohitaji gogo wala mti.

Wasomaji walio na mafundi wa redio wa zamani katika miji yao, iwe Mombasa, Unguja, Kigoma, Bujumbura au Lubumbashi, wanaombwa kuwauliza mambo mawili na kutuletea majibu kabla ya kikao cha kamati: huo mtindo wa vali mbili za zamu waliuitaje, na ule umeme unaobaki katika kapasita waliwaonyaje vijana wao juu yake. Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, bila ya kusanifishwa, pamoja na jina la mji na kazi ya msemaji.